Minazi Yetu na Baridi ya Nyuzi 196



Kaskazini kabisa mwa dunia, katika visiwa vya Svalbard vya Norway, kuna ghala lililochimbwa ndani ya mlima. Lilifunguliwa mwaka 2008, na leo limehifadhi zaidi ya sampuli milioni moja za mbegu za mazao kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Mna mpunga humo, mna mtama, ulezi, mahindi, kunde na maharage. Lakini mtu akitafuta nazi hataiona. Hataona embe, parachichi, kakao, fenesi wala shokishoki. Wenye ghala hawakusahau. Mbegu za miti hiyo ukizikausha na kuzigandisha zinakufa.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu. Nataka tuzungumze juu ya miti ambayo mbegu zake hazikubali kuwekwa akiba, na juu ya njia ambayo wataalamu wameihangaikia kwa zaidi ya miaka 60: kuchukua kipande kidogo cha mmea kilicho hai, kukikuza ndani ya chupa, kisha kukisimamisha kwa baridi ili kisikue wala kisife. Mfano wangu mkubwa ni mnazi. Nimeuchagua kwa sababu ndio mti wa pwani yetu kuanzia Lamu hadi Mtwara, na kwa sababu minazi tuliyo nayo huku ina urithi usiopatikana kwingi duniani. Naamini kwa dhati kwamba tunaipoteza, na naamini vilevile kwamba uwezo wa kuihifadhi tunao sisi wenyewe.

Mwaka 1973 Profesa E. H. Roberts wa Uingereza alizigawa mbegu makundi mawili. Kundi la kwanza ni mbegu zinazostahimili kukaushwa. Punje ya mpunga ikikaushwa hadi maji yaliyobaki ndani yake yawe asilimia 5 hivi ya uzito wake, shughuli zake za uhai hupungua sana, na ikitiwa kwenye baridi kali inaweza kukaa miongo mingi na bado ikaota. Kundi la pili ni mbegu zinazokufa zikikauka. Hizi huanguka kutoka mtini zikiwa na maji tele, safari ya kuota imeshaanza, na hazina namna ya kurudi nyuma. Mwaka 1990 Roberts na wenzake waliongeza kundi la katikati, na mfano wao mkubwa ulikuwa kahawa: mbegu inayokubali kukaushwa kiasi, ila haiivumilii baridi ya ghala la kawaida.

Msidhani kundi hilo la pili ni dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Plants ulikadiria kwamba theluthi moja ya aina zote za miti duniani ina mbegu za namna hiyo. Kwa mimea iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kadirio lilifika asilimia 36. Nyingi ziko katika misitu ya mvua, na sababu yake inaeleweka: mahali ambapo ardhi haikauki mwaka mzima, mbegu haina inachokingoja.

Tuichukue nazi yenyewe. Ina macho matatu. Mawili ni magumu. La tatu ni laini, na nyuma yake, ndani ya nyama, kuna kiinitete, yaani mnazi mzima ambao bado hauna mzizi wala jani. Urefu wake haufiki sentimita moja. Iache nazi hiyo kivulini, wala usiifukie, na baada ya miezi michache kiinitete kitachomoza chipukizi kwa nje, na kwa ndani kitatanua joya linalogombaniwa na watoto. Mtu wa pwani aliyekula joya anajua tayari kwamba nazi haisubiri ruhusa ya mtu ili iote. Ukiikausha kuizuia, kiinitete kinakufa. Ukiitia kwenye friza, kinakufa pia, kwa sababu nitakayoieleza baadaye. Na kwa ukubwa wake, hata kama ingekubali, ghala la kuhifadhi nazi za mbegu kwa maelfu lingekuwa la kutisha.

Ndiyo maana mpaka leo mnazi unahifadhiwa kwa kupandwa. Mtandao wa kimataifa wa vinasaba vya mnazi ulianzishwa mwaka 1992, na ukawa na mashamba makuu ya hifadhi katika nchi tano: India, Indonesia, Papua New Guinea, Brazil na Côte d'Ivoire. Shamba la Côte d'Ivoire, lililoko Port-Bouët karibu na Abidjan, ndilo lililobebeshwa dhamana ya Afrika na Bahari ya Hindi. Kila aina hupandiwa makumi ya minazi, maana mnazi mrefu huchavushwa na jirani yake na mmoja peke yake hauwakilishi ukoo. Unahitaji ardhi kubwa, palizi, ulinzi, na uchavushaji wa mkono kila unapotaka mbegu safi. Halafu minazi hiyo inazeeka, nawe unaanza upya.

Na shamba linaugua. Mwaka 2013 ugonjwa hatari wa minazi ulithibitishwa Grand-Lahou, magharibi mwa Abidjan, na tangu hapo walinzi wa shamba la Port-Bouët wanaishi kwa wasiwasi. Papua New Guinea ugonjwa mwingine, uliopewa jina la Bogia, ulisogea karibu na shamba la Madang hadi ikaamuliwa mkusanyo utafutiwe makao mapya. Hebu fikirini kuhamisha minazi. Mhogo unahamishwa kwa kukata pingili. Mnazi hauna tawi la kukata. Una shaha moja tu pale kileleni, na ukiigusa umeua mti.

Sasa nije kwetu. Mwaka 2011 Bee Gunn na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya minazi zaidi ya 1,300 kutoka pande zote za dunia. Walionyesha kwamba binadamu alianza kuulima mnazi mahali pawili: upande wa Bahari ya Hindi, na upande wa Pasifiki. Vizazi vya pande hizo vina alama zake mpaka leo, na kwa sehemu kubwa vinatofautiana waziwazi. Lakini katika Madagaska, Komoro na pwani ya Afrika Mashariki damu hizo mbili zimechanganyika, na watafiti waliuhusisha mchanganyiko huo na mabaharia wa Kiaustronesia waliovuka bahari hadi Madagaska zamani. Kwa hiyo mnazi mrefu ulioko nyuma ya nyumba ya bibi huko Pangani au Kilifi ni matokeo ya safari ambazo hazitarudiwa. Ukipotea, hakuna nchi ya kuagiza mwingine kama huo.

Na thamani yake si ya historia peke yake. Kwa upande wa Tanzania Bara, ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi kwa miongo mingi. Unasababishwa na fitoplasma, viumbe vya jamaa ya bakteria visivyo na ukuta wa seli, vinavyoishi ndani ya mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Nazi changa hudondoka. Makarara yanayofuata hutoka meusi. Makuti huanza kugeuka rangi kutoka chini kwenda juu, shaha huoza, mwisho kichwa kizima huanguka na shina hubaki peke yake. Mkulima hana dawa ya kupulizia.

Mwaka 1979 ulianzishwa mradi wa taifa wa kuendeleza minazi, kwa msaada wa Ujerumani na Benki ya Dunia, na kazi ya utafiti ikajengwa Mikocheni, Dar es Salaam, na shambani Chambezi, Bagamoyo. Zililetwa aina nyingi za kigeni, pamoja na chotara zilizosifika kwa kuzaa mapema na kuzaa sana. Zilipopandwa penye ugonjwa, nyingi zilishambuliwa vibaya. Iliyoonyesha ustahimilivu wa maana ni baadhi ya minazi mirefu ya hapa hapa, tena kwa kutofautiana kati ya eneo na eneo. Haukuwa ustahimilivu kamili, na sitaki mtu aondoke na imani kwamba kuna mnazi usiokufa. Lakini kwa mtafiti anayetafuta mzazi wa kuanzia, tofauti hiyo ndiyo mali yenyewe.

Mali hiyo iko wapi leo? Iko mashambani mwa watu, juu ya minazi mizee. Inakatwa mbao. Inakatwa kupisha viwanja. Inapinduliwa na bahari inayokula fukwe. Mwenye mnazi ana haki ya kuukata, na mimi simlaumu mtu anayetafuta ada ya shule. Ninachosema ni kwamba kabla shoka halijafika, kuna kitu kidogo ndani ya nazi zake ambacho tunaweza kukitunza bila kumnyima senti moja.

Njia yenyewe ilianzia kwenye chupa. Katika miaka ya 1960, huko Los Baños, Ufilipino, Emerita de Guzman alikuwa akishughulikia makapuno, nazi ya ajabu ambayo nyama yake laini hujaa karibu kifuu kizima. Ni tamu na bei yake ni nzuri, ila haioti. Yeye aliona kwamba kiinitete chake ni kizima. Kasoro iko katika nyama inayokizunguka, ambayo haikilishi. Akakitoa, akakiweka katika chupa safi yenye sukari na madini, na kikaota. Tangu hapo maabara nyingi zimejifunza kutoboa nyama ya nazi kwa bomba dogo la chuma, kutoa kipande chenye kiinitete, kukiosha kwa dawa ya kuua vijidudu na kukikuza. Faida moja ilionekana mara moja: aina ya mnazi iliyokuwa ikisafirishwa kwa magunia ya nazi sasa ingeweza kusafiri katika kisanduku cha mkononi, bila udongo wala wadudu.

Ila kiinitete ndani ya chupa kinakua. Baada ya muda mche unaijaza chupa, sukari inakwisha, na lazima mtu auhamishe. Kwa mimea mingi tatizo hili hupunguzwa kwa baridi ya kadiri. Marekani, katika mji wa Corvallis, vichipukizi vya mpea vimehifadhiwa kwenye nyuzi 4 juu ya sifuri, vikikaa muda mrefu bila kuguswa, maana mpea umezoea majira ya baridi na hulala wenyewe. Mmea wa joto ukiupa nyuzi 4 unaharibika. Migomba iliyohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, huwekwa kwenye nyuzi 16 na mwanga hafifu, na huhamishwa chupa mara moja hivi kwa mwaka. Katika mkusanyo huo, ulioanzishwa mwaka 1985, imo pia migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ile inayotupatia matoke.

Njia hii ya kukuza polepole ni nzuri kwa kazi za kila siku: kupima magonjwa, kuzalisha, kugawa. Kama hifadhi ya miaka mia haitoshi, na naomba wenye maabara wasinichukie. Kila kuhamisha ni nafasi ya kuingiza ukungu. Kila kuhamisha ni nafasi ya kubadilisha lebo kimakosa, na aina iliyopewa jina la nyingine imepotea sawasawa na iliyokufa. Tishu zikikaa miaka mingi kwenye chupa, baadhi huanza kubadilika katika vinasaba vyake, ukaja kupanda mmea usiofanana na mama yake. Na umeme ukikatika siku nzima mwezi wa pili, chumba cha nyuzi 16 hakitabaki nyuzi 16.

Kwa hiyo watu walitafuta baridi ya namna nyingine kabisa. Naitrojeni, hewa hii hii tunayovuta kwa sehemu kubwa, ikipozwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri huwa kimiminika. Katika baridi hiyo mabadiliko ya kikemia ndani ya seli husimama karibu kabisa. Seli haili, haikui, haizeeki. Tatizo liko njiani, kati ya joto la kawaida na hapo. Maji yakiganda hutanuka na kutengeneza fuwele zenye ncha, na seli imejaa maji; inapasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Hiyo ndiyo sababu ya nazi kufa niliyowaahidi.

Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba mti unaweza kuvuka njia hiyo alikuwa Akira Sakai wa Hokkaido, Japani. Alichukua vijiti vya mforsadi vilivyokwisha kuzoea baridi ya msimu, akavigandisha kwanza kwa hatua ili maji yatoke ndani ya seli, kisha akavitumbukiza ndani ya naitrojeni. Vilipoyeyushwa vilikuwa hai. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1960 katika jarida la Nature. Leo Marekani inahifadhi kwa njia ya jamaa hiyo vikonyo vya matofaa vilivyokatwa wakati wa baridi, katika benki yake ya Fort Collins, Colorado, kama nakala ya miti iliyoko shambani Geneva, New York.

Mti wa kwetu haujawahi kuona theluji, kwa hiyo haujui kujiandaa. Inabidi uandaliwe. Mwaka 1990 Sakai huyo huyo na wenzake walitoa myeyusho unaojulikana kwa jina la PVS2, wenye gliseroli, sukari na kemikali nyingine mbili, ambao hunyonya maji kutoka ndani ya seli na kuchukua sehemu ya nafasi yake. Kilichobaki kikipozwa ghafla hakipati muda wa kutengeneza fuwele. Kinaganda kikiwa kioo, na kioo hakina ncha za kuchoma.

Nitaeleza kazi yenyewe jinsi inavyofanywa kwa mgomba, maana ndiyo iliyozoeleka zaidi. Mtaalamu huketi mbele ya kabati lenye hewa iliyochujwa, jicho kwenye darubini, mkononi kisu cha upasuaji. Anauvua mche majani yake moja baada ya jingine mpaka abaki na ncha ya ukuaji, kinundu cheupe cha milimita moja hivi kilichofunikwa nusu na jani ambalo halijakunjuka. Akikata juu mno, amekiua. Akikata chini mno, amechukua tishu nene ambazo myeyusho hautapenya. Kinundu hulowekwa dakika 20 katika maji ya gliseroli na sukari, kisha huhamishiwa ndani ya PVS2 juu ya barafu kwa dakika 30 au 40. Hapa hakuna kukisia: muda ukipungua, maji yamebaki, ukizidi, dawa yenyewe imekuwa sumu. Baadaye hukilaza ndani ya tone dogo juu ya ukanda wa karatasi ya alumini na kuutumbukiza ukanda wote kwenye naitrojeni. Kimiminika huchemka kwa kelele, kisha kinatulia. Kanda hutiwa ndani ya vichupa vyenye vifuniko, vichupa huteremshwa ndani ya tangi, na tangu hapo kazi iliyobaki ni kuhakikisha tangi haliishiwi.

Kukiamsha pia kunataka wepesi. Ukanda hutolewa na kuchovywa mara moja katika maji ya sukari nyingi yenye joto la chumba, kwa dakika 15, ili kuyeyuka kusitoe nafasi kwa fuwele. Halafu vinundu hulazwa gizani kiasi cha wiki moja kabla ya kuonyeshwa mwanga. Kilicho hai hutanuka na kuanza kuwa kijani. Kilichokufa hugeuka kahawia au hubaki cheupe vilevile. Hakuna benki inayopata vyote, ndiyo sababu kila aina huwekwa kwa wingi, na vichache huamshwa mapema kujua kama kundi hilo lilivuka salama. Kuhusu muda, tuna ushahidi wa kutia moyo: nchini Kanada, ncha za ukuaji za njegere na stroberi zilizokaa ndani ya naitrojeni miaka 28 ziliamshwa na kutoa mimea.

Je, mnazi? Mwaka 1992 Assy-Bah na Engelmann walichapisha kwamba viinitete vya nazi iliyokomaa, vikikaushwa kiasi na kuandaliwa kwa sukari na gliseroli, vinaweza kuingia katika naitrojeni na kutoka na kuota. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kiinitete kimoja kilitoa mche mmoja, na mnazi haukukubali kuzaa watoto ndani ya chupa kama mgomba unavyofanya. Kwa zaidi ya miaka 20 ukuta huo haukuvunjika kwa namna ya kuridhisha.

Mwaka 2021 kikundi cha Leuven, akiwemo Hannes Wilms na Bart Panis, kilichapisha njia ya kuufanya mche mchanga wa mnazi utoe vichipukizi vya pembeni. Mnajua kwamba katika kwapa la kila kuti kuna kitumba, na mnazi ukikua kitumba hicho hutoa karara. Wao, kwa kutumia homoni ya mimea kwa kiasi kidogo sana, walivielekeza vitumba hivyo vitoe machipukizi badala ya karara. Machipukizi yaligawanywa, kila moja likatoa mengine, na hapo ikawezekana kupata ncha za ukuaji kwa wingi wa kuingizwa kwenye naitrojeni. Mimi nasema hii ndiyo habari kubwa ya mnazi katika maisha yetu. Kiinitete kimoja kutoka kwenye nazi ya mzee mmoja wa Mkuranga sasa kinaweza kutoa nakala za benki, nakala za kupimwa ugonjwa, na miche ya kumrudishia mwenyewe. Njia bado ni ya polepole, na kila ukoo wa minazi una ukaidi wake. Lakini mlango umefunguka.

Najua swali linalofuata, maana huulizwa kila mahali: vitu hivi ni vya Ulaya, sisi tutaviweza wapi? Naomba niwapeleke Usa River, Arusha. Hapo kiko kituo cha taifa cha uhimilishaji wa mifugo. Mbegu za madume bora hutiwa ndani ya mirija myembamba na kuhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, ile ile ninayoizungumzia. Kabete, Kenya, kazi hiyo hiyo inafanywa. Mhimilishaji anabeba mtungi wake kwenye pikipiki, anapanda nao milima ya Rungwe au Nyeri kumfuata ng'ombe aliye kwenye joto. Anajua kupima kina cha naitrojeni kwa kijiti, anajua kuvaa glavu, anajua kwamba chumba kisicho na madirisha ni hatari kwa sababu naitrojeni ikijaa huondoa hewa ya kuvuta. Ng'ombe tumemfanyia hayo kwa miongo mingi, na wafugaji wameyazoea. Kwa hiyo tusiambiane kwamba naitrojeni haiwezekani.

Ujuzi wa chupa nao upo. Mikocheni wanakuza tishu za mimea. Maabara kadhaa za Arusha, Nairobi na Kampala zinazalisha miche ya migomba kwa njia hiyo na kuiuza. Wasichana na vijana wenye mikono mizuri ya kisu na darubini wako ndani ya maabara hizo sasa hivi. Kinachokosekana ni kuziunganisha hizo pande mbili, tangi la mifugo na chupa ya mimea, na kuwalipa watu wachache kwa miaka mingi mfululizo. Hapo kwenye mfululizo ndipo tunapoanguka. Mradi wa miaka mitatu unaweza kununua tangi, lakini tangi la mradi uliokwisha likikosa naitrojeni wiki chache hupoteza kila kitu kilichomo, na hakuna dalili ya nje ya kukuonyesha. Afadhali tusianze kuliko kuanza bila fungu la kudumu katika bajeti ya serikali.

Wengine watasema tupeleke kila kitu Leuven. Nakala tupeleke, bila kusita. Hata wao wenyewe wameweka nakala ya migomba yao Montpellier, Ufaransa, kwa sababu tangi moja mahali pamoja ni hatari. Mnazi umo katika orodha ya mazao ya mkataba wa kimataifa wa vinasaba vya mimea wa mwaka 2001, na Tanzania na Kenya ni wanachama, kwa hiyo utaratibu wa kubadilishana kihalali upo. Lakini benki ya kwanza iwe hapa. Mtafiti wa Mtwapa, huko Kenya, anayetaka kujaribu minazi ya Kwale asilazimike kuandika barua Ubelgiji.

Kuna jambo jingine ambalo tangi halitalifanya. Ncha ya ukuaji haina kumbukumbu ya kusimulia. Haitasema kwamba mama yake alikuwa mkitamli wa dafu tamu uliopendwa kwa wagonjwa, au mnazi uliogemwa tembo miaka 40 bila kudhoofika, au kwamba ulibaki umesimama pale minazi yote ya jirani ilipokufa kwa kunyong'onyea. Anayejua hayo ni mkwezi, mgema na bibi anayekuna nazi. Lebo ya kichupa iandikwe kijiji, udongo, sifa, na jina la aliyeutunza mti kama ameridhia. Benki yenye tishu bila habari hizo itawapa wajukuu zetu maelfu ya vichupa wasivyojua wavitumie vipi.

Na nisiishie kwenye mnazi. Karomia gigas, mti mrefu wa jamaa ya mrehani, ulijulikana Kenya mwaka 1977, ukakatwa, ukaja kudhaniwa umetoweka duniani. Mwaka 2011 ulionekana tena katika misitu ya pwani ya kusini mwa Tanzania, upande wa Kilwa. Miti iliyobaki ni ya kuhesabu, na mbegu zake hushambuliwa na ukungu kiasi kwamba ukiokota matunda mengi sana unapata mbegu hai chache mno. Bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, imeshirikiana na watu wetu wa misitu kuikuza miche yake. Mti wa namna hiyo hauwezi kungoja mwaka wa mavuno mema. Chipukizi lake likiweza kuishi kwenye chupa, liingizwe kwenye chupa. Likiweza kuvuka naitrojeni, livushwe.

Ndugu zangu, kupanda kunabaki palepale. Sitaki nchi yenye matangi kamili na pwani tupu. Minazi ipandwe upya, na ipandwe ile iliyoonyesha nguvu katika eneo husika. Lakini minazi inayokufa mwaka huu haitangoja tumalize kupanda.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Wizara za kilimo na za mifugo zikae meza moja, wala haziko mbali, zikubaliane naitrojeni ya ng'ombe igawiwe mnazi. Vyuo vyetu viwape wanafunzi wa uzamili kazi ya kujaribu njia ya Leuven kwa minazi mirefu ya kila wilaya ya pwani, kutoka Lamu mpaka Mtwara, na Unguja na Pemba. Na wewe uliye na shamba la urithi: kabla hujaukata mnazi uliostahimili wakati mingine ilikufa, angua nazi zake zilizokomaa, zisizopungua kumi, andika mti ulipo na sifa unazozijua, mpelekee bwana shamba wa kata yako na umtake azifikishe Mikocheni au Mtwapa katika wiki hiyo hiyo, kabla hazijaanza kutoa joya.